Mama Alphonsa na Wagonjwa Waliokimbiwa



Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambamo neno kansa halitamkwi. Husemwa tu kwamba mama fulani ana uvimbe, au anaumwa ugonjwa ule. Kikombe chake kinatengwa, wageni wanapungua, na wapo wanaonong'ona kwamba amerogwa au imani yake ni haba. Jumapili hii tumkumbuke mwanamke aliyepambana na hofu hiyo hiyo hapa Marekani zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Rose Hawthorne alizaliwa tarehe 20 Mei 1851 huko Lenox, Massachusetts, mtoto wa mwisho wa mwandishi maarufu Nathaniel Hawthorne. Mwaka 1871 aliolewa na George Lathrop. Mtoto wao pekee, Francis, alifariki kwa dondakoo akiwa na miaka 4. Mwaka 1891 mke na mume waliingia Kanisa Katoliki, lakini pombe ilimshinda mume, na baada ya miaka minne wakatengana.

Siku hizo watu wengi waliamini kansa inaambukiza. Maskini ambaye hakuwa na tumaini la kupona alipelekwa kwenye nyumba ya mafukara katika kisiwa cha Blackwell, New York, akangoje kufa. Rose alisikia habari za mama mshonaji aliyepelekwa huko, zikamkaa moyoni. Mwaka 1896, akiwa na miaka 45, alikwenda hospitali ya kansa jijini humo kujifunza kuuguza. Kisha akapanga vyumba vya bei ndogo katika mtaa wa wahamiaji fukara, akaanza kuosha vidonda na kubadilisha bandeji. Mama mmoja mwenye kansa ya uso alimchukua akaishi naye.

Sisi manesi tunaijua harufu ya kidonda cha namna hiyo. Tunajua pia jinsi mgonjwa anavyokutazama usoni aone kama utakunja pua. Rose aliwafundisha wenzake wasioneshe kinyaa hata kidogo. Alice Huber, mchoraji, aliungana naye, na mwaka 1900 wakawa masista wa Kidominiko. Rose akaitwa Mama Alphonsa. Mwaka 1901 walifungua nyumba nje ya jiji, mahali panapoitwa leo Hawthorne. Mgonjwa hakuulizwa dini yake wala hakulipishwa hata senti, na masista wake wanaendelea hivyo hadi leo.

Alifariki tarehe 9 Julai 1926, akiwa na miaka 75. Mwaka 2024 Papa Fransisko alitambua kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Mama Alphonsa hakuwa na dawa ya kuponya kansa, wala hakumwahidi mtu muujiza. Aliwaondolea wagonjwa hofu ya kufa peke yao kama watu waliolaaniwa.

Wapendwa, kansa haiambukizi kwa kikombe, sahani wala kukumbatiana. Kuugua si ushahidi wa dhambi. Kumeza dawa ya maumivu si kukosa imani, na kuogopa kifo si aibu. Ukiona uvimbe, usiufiche hadi uwe kidonda. Nenda kapime, nasi tutakuombea na kukusindikiza. Na kama kuna jirani ambaye tumeacha kumtembelea, wiki hii tumpelekee uji, tukae naye, tunywe chai kwa vikombe vyake.