Molière: Kiangazi kilichompa umaarufu na kumtia hatarini

JINA lake la kuzaliwa lilikuwa Jean-Baptiste Poquelin, lakini dunia inamjua kwa jina la Molière. Wasomaji wa Afrika Mashariki walimpata kwa Kiswahili kupitia Mchuuzi Mwungwana, tamthilia kuhusu mtoto wa muuza vitambaa aliyetajirika, akataka aonekane bwana mkubwa. Aliyeiandika aliyajua mambo ya duka na ya deni kwa undani.

Alibatizwa Paris Januari 15, 1622. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mapazia na mapambo ya nyumba, tena mwenye cheo cha kutoa huduma hiyo kwa mfalme. Ilitarajiwa kijana arithi kazi. Mwaka 1643 aliiacha, akaungana na mwigizaji Madeleine Béjart na ndugu zake kuanzisha kikundi cha maigizo.

Mambo yalikuwa magumu. Watazamaji walikuwa wachache na gharama hazikungoja. Siku zile jukwaa liliangazwa kwa mishumaa, na mishumaa ilichukuliwa kwa mkopo. Agosti 1645 Molière alifungwa kwa madeni, na mmoja wa wadai wake alikuwa muuza mishumaa.

Alipotoka aliihama Paris. Kwa takriban miaka 13 kikundi kilizunguka mikoani, hasa kusini mwa Ufaransa, katika miji kama Lyon, Toulouse na Pézenas. Anayevuka mipaka na mizigo yake anaielewa shule hiyo: kinachogombewa katika soko moja hudoda katika soko la pili, na mwenye macho hujifunza kumsoma mteja kabla hajafungua mzigo.

Oktoba 24, 1658 walicheza mbele ya Mfalme Louis XIV. Walianza na tamthilia nzito ya huzuni, isiyomgusa sana. Kisha Molière akaomba ruhusa ya kuongeza kichekesho kifupi walichozoea kukicheza mikoani. Mfalme alicheka, na kikundi kikapewa ukumbi Paris.

Mwaka 1661 ulianza vibaya. Februari tamthilia yake Dom Garcie de Navarre ilidoda. Katika kikundi chake, mapato yaligawanywa kwa mafungu kati ya waigizaji baada ya kutoa gharama, hivyo ukumbi mtupu ulimaanisha njaa kwa wote. Juni 24 alileta L'École des maris, yaani Shule ya Waume, tamthilia ya sehemu tatu tu. Watu walijaa.

Sifa zilimfikia Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha za ufalme, mmoja wa matajiri wakubwa nchini. Fouquet alikuwa akiandaa sherehe ya kumkaribisha mfalme katika jumba lake jipya la Vaux-le-Vicomte. Alitaka igizo jipya. Molière alipata siku 15 za kulitunga, kulifundisha na kulicheza.

Alitunga Les Fâcheux, yaani Wasumbufu: kijana anakwenda kumwona mchumba wake, lakini kila hatua anazuiwa na mtu mwenye maneno mengi. Wacheza ngoma wazuri walikuwa wachache na walihitaji muda wa kubadili mavazi, hivyo ngoma zikawekwa katikati ya sehemu za igizo na kufungwa ndani ya hadithi yenyewe. Kutokana na upungufu huo ukazaliwa mtindo mpya wa vichekesho vyenye ngoma, ambao Molière aliutumia tena hadi mwisho wa maisha yake.

Igizo lilichezwa Agosti 17. Mfalme alifurahi, akapendekeza aongezwe msumbufu mwingine, mpenda uwindaji. Molière alilifanya hilo haraka, na Agosti 25 igizo likachezwa tena Fontainebleau likiwa na mwindaji huyo.

Siku 11 baadaye, Septemba 5, Fouquet alikamatwa kwa amri ya mfalme. Mpango wa kumwangusha ulikuwa umeanza kabla ya sherehe, ukichochewa na Colbert, na fahari ya Vaux haikumsaidia. Fouquet alikufa kifungoni mwaka 1680.

Kwa kikundi kilichotoka kulipwa na mtu huyo, hatari ilikuwa kubwa. Wengi waliokuwa karibu naye waliangushwa pamoja naye. Kilichomwokoa Molière ni kwamba igizo sasa lilikuwa na mkono wa mfalme ndani yake. Novemba 4 lilifunguliwa kwa watu wote Paris na kupendwa sana.

Lilipochapwa mwaka 1662, alilitabaruku kwa mfalme. Hata hivyo, katika dibaji alimtaja kwa jina Pellisson, mshairi aliyetunga utangulizi wake, ingawa Pellisson alikuwa karani wa Fouquet na wakati huo yumo gerezani. Angeweza kulifuta jina lile bila kuulizwa na mtu. Alimpa mwenzake haki yake.

Mwaka 1665 kikundi chake kikawa rasmi kikundi cha mfalme. Molière alifariki Februari 17, 1673, saa chache baada ya kucheza nafasi ya mgonjwa wa kujidhania katika igizo lake la mwisho. Aliugua jukwaani, lakini alicheza hadi mwisho.