Faraday na Kapasita ya Feni

Wenzangu, Michael Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mtoto wa mhunzi. Akiwa na miaka 14 aliwekwa kujifunza kujalidi vitabu, na vitabu hivyo hivyo akavisoma. Hisabati hakuwa nayo sana, lakini mwaka 1831 alionyesha kuwa sumaku ikisogezwa huzalisha umeme kwenye waya. Alifariki 1867.

Jina lake ndilo faradi, kipimo kikubwa mno. Ndiyo maana kapasita ya feni ya dari huku Unguja huandikwa maikrofaradi, tuseme 2.5. Gawa kwa milioni: faradi 0.0000025. Zidisha kwa elfu: nanofaradi 2,500. Basi!

Skulini watoto wanaikimbia fizikia kwa sifuri hizi. Mimi nikishika chaki, nitaanza na huyu mjalidi.