Selby Mvusi, mwalimu wa usanifu wa bidhaa

Msikilizaji wa Utete anaujua mtumbwi unaovuka Mto Rufiji na dungu la kulindia mpunga. Kila kimoja kilifikiriwa kwanza: mtumbwi uwe mpana kiasi gani usipinduke, dungu liinuke kiasi gani mafuriko yasilifikie. Vyuo vikuu hufundisha kazi hiyo ya kufikiri, na huiita usanifu wa bidhaa.

Miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kuifundisha chuoni alikuwa Selby Mvusi. Alizaliwa mwaka 1929 huko Natal, Afrika Kusini. Alisoma Chuo cha Fort Hare, kisha akasomea sanaa Marekani. Nyumbani kwao ubaguzi wa rangi ulimfungia Mwafrika milango, hivyo alikwenda kufundisha Kumasi, Ghana, na baadaye Nairobi, Kenya.

Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimepata uhuru karibuni, lakini bidhaa za viwandani zilitoka nje. Mvusi hakutaka wanafunzi waige vitu vya Ulaya, wala warudie tu vinyago vya kuwauzia watalii. Aliwataka watazame kwanza watu wanaishije leo, ndipo waamue kitu kiweje.

Mwaka 1967 alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, kabla hajatimiza miaka 40. Chuo Kikuu cha Nairobi kinaendelea kufundisha usanifu. Na kijana wa Utete anayechonga au kuchomelea anaweza kuanza palepale alipoanzia Mvusi: kumtazama atakayekitumia kitu hicho.