Johann Ludwig Krapf wa Rabai

Rabai iko kiasi cha kilomita 25 kutoka Mombasa, juu ya vilima vya minazi, karibu na misitu ya kaya. Pana kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa mwaka 1887, na kanisa dogo la kwanza ambalo siku hizi ni makumbusho. Ni mahali pa kivuli na ukimya. Wengi hufika, wakatazama kuta, wakarudi bila kujua habari za aliyepaanzisha. Basi tumeona vema kuwaandikia wasomaji habari zake.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani, mwana wa mkulima. C.M.S. ilimtuma Ethiopia mwaka 1837, na milango ya huko ilipofungwa akaja pwani yetu. Januari 1844 alifika Unguja, Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha, na mwezi wa Mei akakaa Mombasa pamoja na mkewe Rosine.

Walikuwa wamekwisha kuzika mtoto mmoja nyikani, upande wa Ethiopia. Julai 1844 Rosine alijifungua binti wa pili, kisha homa ikamshika, na mumewe naye yu hoi kitandani. Tarehe 13 Rosine alifariki. Siku chache baadaye mtoto akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, maana mama mwenyewe aliomba iwe hivyo, ili wapita njia wakumbuke kilichomleta.

Nasi walimu tunastaajabu hasa kwa jambo hili. Juni ya mwaka ule ule Krapf alikuwa ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Na baada ya msiba ule hakuiweka kalamu chini. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, yeye akatumia za Kirumi. Mwaka 1850 alichapisha sarufi. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882. Ina makosa, hasa anapobuni asili ya maneno, lakini mna maneno ya Kimvita ambayo vijana wetu hawayatamki tena.

Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakapanda Rabai, wote wawili wakiugua homa. Wazee wa Rabai waliwapokea. Mavuno yalikuwa haba mno: wa kwanza kubatizwa, Mringe, kilema, alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa. Krapf alikuwa mtu wa haraka, akiwaza safu ya vituo vya misioni kukata Afrika nzima. Rebmann alitaka kutulia mahali pamoja, wala hawakupatana. Kwa maoni yetu Rebmann ndiye aliyeona sawa. Alikaa miaka 29, hata akapofuka.

Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani, na wataalamu wa Ulaya hawakusadiki habari za theluji. Afya ilimshinda, akarudi kwao mwaka 1853. Mwaka 1862 alikuja tena kwa muda, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe.

Novemba 1881 alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake huko Korntal, Ujerumani. Akazikwa huko huko, alikozikwa Rebmann mwaka 1876. Rosine na binti yake wamelala Nyali.