Padri Gregor Mendel na Mbegu Zake

Huku Kalemie, wakati wa kupanda ukikaribia, mama huketi mbele ya ungo na kuchagua mbegu. Pengine huchagua punje za mahindi za manjano tupu, lakini siku ya kuvuna hukuta punje nyeupe katikati yake. Zimetoka wapi? Mtu aliyefumbua jambo hilo alikuwa padri.

Gregor Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf. Zamani kijiji hicho kilikuwa cha Austria. Leo ni cha nchi ya Ucheki. Baba yake alikuwa mkulima. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwumiza vibaya baba huyo, hata hakuweza tena kulima kama kwanza. Fedha za shule zikakosekana. Ndipo Theresia, dada yake mdogo, alipompa kijana sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake, ili kaka yake asiache masomo.

Mwaka 1843 Mendel aliingia katika monasteri ya Waaugustino mjini Brno, na mwaka 1847 akapewa upadri. Alipenda kufundisha, lakini mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu. Hakukata tamaa. Wakubwa wake wakampeleka kusoma katika chuo kikuu cha Vienna.

Mwaka 1856 alianza kupanda njegere katika bustani ya monasteri. Alitia chavua ya mmea mmoja katika ua la mmea mwingine, kisha akafunika ua hilo, wadudu wasiharibu kazi yake. Alichanganya njegere laini za mviringo na njegere zenye mikunjo. Punje zilizozaliwa zote zilikuwa za mviringo. Je, mikunjo ilikuwa imepotea? La! Alipozipanda punje hizo, alivuna punje 7,324: za mviringo 5,474, na zenye mikunjo 1,850. Ni karibu tatu kwa moja. Basi mikunjo ilikuwa imejificha ndani ya punje nzuri. Hivyo jicho peke yake halitoshi kuchagua mbegu. Yafaa kuzipanda na kuangalia watoto na wajukuu wake.

Mwaka 1865 Padri Mendel aliwasomea wataalamu wa Brno habari hizo. Walisikiliza, lakini hawakutambua ukubwa wake. Mwaka 1868 akawa abati, na shughuli nyingi zikamwondoa bustanini. Hata hivyo hakusahau wema wa Theresia, akawasaidia wanawe kusoma. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 tu ndipo wataalamu wa nchi nyingine walipoona mambo yale yale, na jina lake likajulikana duniani.

Soya ni ndugu ya njegere. Toka miaka ya 1970, wataalamu wa Ibadan, nchini Nijeria, walichanganya soya za Marekani, zilizozaa sana lakini mbegu zake zikafa upesi ghalani, na soya za Asia, ambazo mbegu zake hudumu. Kisha wakachagua, kizazi baada ya kizazi, kama alivyofanya padri yule.

Watoto, kazi njema haipotei. Ni kama mbegu: hukaa gizani, kisha huota.

Maswali
1. Theresia alimsaidiaje kaka yake?
2. Kwa nini jicho peke yake halitoshi kuchagua mbegu?
3. Nyumbani kwenu huchaguaje mbegu?