Mwana Kupona Tunayemtaja Nusu

Mwezi uliopita nilihudhuria harusi hapa Kibuyuni. Bi harusi ni mkulima wa mwani, kama walivyo wanawake wengi wa kijiji hiki. Wakati wa mawaidha mzee mmoja alimtaja Mwana Kupona, akasema bibi yule alikwisha kutuamulia tangu zamani: mke mwema hukaa ndani, na mambo ya pwani ayaache. Kina mama walitazamana wasiseme neno. Nami nilinyamaza kwa heshima ya shughuli ya watu. Leo naomba niseme, maana mzee wetu, Mungu amhifadhi, alimtaja Mwana Kupona nusu.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, kule visiwa vya Lamu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio kisiwa hicho hicho. Siyu ya wakati ule ilikuwa mji wa wanachuoni na mafundi, wakinakili misahafu kwa mkono na kufanya kazi za ngozi. Pia ulikuwa mji usiokubali kutawaliwa. Seyyid Said wa Unguja aliutaka, na katika miaka ya 1840 majeshi yake yalikwenda Siyu yakarudi yameshindwa. Basi nyumba ya Mwana Kupona ilikuwa nyumba ya vita na siasa. Hakuwa mwanamke asiyejua ya ulimwengu.

Bwana Mataka alifariki 1856, mwaka ule ule aliofariki Seyyid Said. Mjane wake akabaki na watoto wawili, Mwana Hashima na ndugu yake Muhammad. Miaka miwili baadaye, 1275 Hijria, yaani 1858, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, mwaka mzima kitandani. Binti yake alikuwa na miaka kama 17. Mama alihisi siku zake zinahesabika, na akawaza kile ambacho mama yeyote angewaza: huyu mtoto nimwachie nini?

Alimwachia maneno. Alimwita akae karibu na wino na karatasi, akamtungia utendi wa beti 102. Akaufananisha na hirizi ya kujifunga mwilini.

Sitaficha kilichomo. Sehemu kubwa inafunza kumridhisha mume, kumtunza, na kutotoka bila ruhusa yake. Mzee hakuzua. Lakini kabla ya hapo Mwana Kupona anamfunza bintiye dini, ukweli, adabu mbele za watu, na kutomhoji mhitaji anayebisha mlangoni. Baada ya hapo anageuka kumwomba Mola: anaomba afya, anawaombea wanawe na ndugu zake, na anawaita wanawake wote wausome utendi wake. Mwisho anataja idadi ya beti na mwaka. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kwamba alichoandika kitadumu.

Tena kuna jambo ambalo hatulisemi harusini. Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala, katika nyumba yenye watumwa, na utendi wenyewe unawataja: binti anaambiwa asishirikiane nao ila wakati wa kazi. Kukaa ndani kwa Mwana Hashima kuliwezekana kwa sababu kulikuwa na wengine wa kutoka nje. Nani atamtokea bi harusi wa Kibuyuni? Maji yakitoka, ni yeye anayeingia baharini kufunga mbegu kwenye kamba. Ni yeye anayebeba mwani mbichi hadi vichanjani. Karo na unga vinatoka humo. Kuchukua wasia wa binti wa mtawala tukamtwika mwenye kubeba mzigo wake mwenyewe, tukauita dini, si uadilifu. Bibi Khadija, mama wa waumini, alikuwa mfanyabiashara, na hilo sote twalijua tangu chuoni.

Mwana Kupona alifariki miaka michache baada ya kutunga. Siyu nayo ilishikwa na Sultani Majid mnamo 1863. Ngome na utawala vikapita, utendi ukabaki, ukinakiliwa kwa herufi za Kiarabu na kusomwa majumbani. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kitabu, na hadi leo wasomi wanabishana kama bibi yule alikuwa akifunza utiifu tu au pia akimpa binti akili ya kuishi na wenye nguvu.

Mimi nasema hivi. Mgonjwa, mjane, alishika maneno akayafanya urithi, na akawataka wanawake wausome, si wasomewe vipande na wanaume. Bi harusi wetu anajua kusoma. Nimempelekea utendi mzima, beti zote 102. Asome mwenyewe, wakati wa maji mafu, asipokuwa na kazi ya pwani.