Hornby, mwalimu wa wasiozaliwa na Kiingereza

Nilipotoka chuoni na juzuu zangu kuingia skuli, nilidhani Kiingereza ni lugha isiyo na nahau. Chuoni maalim alinionyesha kwa nini herufi imetiwa fat-ha au kasra. Skulini niliandika 'advices' nikachapwa, na nilipouliza sababu nikaambiwa ndivyo Waingereza wasemavyo. Kwetu nasaha ni nyingi, na siku ile nilipewa tele. Mbona za Mwingereza hazihesabiki?

Jawabu nililipata baada ya miaka, katika kamusi nene niliyoazimwa. Kando ya neno lile palikuwa na herufi moja tu, U, alama ya jina lisilohesabika. Lihesabikalo lilitiwa C. Nikatazama jaladani: A. S. Hornby. Wengi wetu, msomaji, tumekula matunda ya marehemu huyu bila kumjua.

Albert Sydney Hornby alizaliwa Chester, Uingereza, mwaka 1898, akasoma chuo kikuu London. Mwaka 1924 alikwenda Japani kufundisha fasihi ya Kiingereza mjini Oita. Hakukawia kung'amua kwamba vijana wale walihitaji kwanza lugha yenyewe, fasihi baadaye. Kijapani hakina vijineno kama 'a' na 'the', wala jina halilazimiki kubadilika likiwa la wingi. Makosa yao, basi, yalikuwa ndugu wa yangu. Tokyo alikuwako Mwingereza mwingine, Harold Palmer, aliyeongoza taasisi ya kuchunguza mafundisho ya Kiingereza. Wakashirikiana, na Palmer aliporejea kwao mwaka 1936, Hornby akaiendeleza kazi.

Hapa ndipo penye uhondo. Kamusi za Waingereza ziliandikiwa Waingereza. Mwenye lugha haulizi kwa nini 'I want him to go' ni sawa, lakini ukiweka 'suggest' mahali pa 'want' sentensi inavunjika. Mgeni ndiye aulizaye. Hornby na wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, wakavigawa vitenzi makundi 25 kwa jinsi vijengavyo sentensi, na kila kitenzi kikaandikiwa nambari ya kundi lake, ili mgeni ajue chombo kipi hubeba shehena gani. Nilipozielewa nambari zile nilimkumbuka maalim wangu.

Kamusi hiyo ilipigwa chapa Tokyo mwaka 1942, Japani na Uingereza zikiwa vitani! Mwaka uo huo Hornby akaondoka, akaenda Iran kuitumikia British Council. Mwaka 1946 alianzisha jarida la walimu wa Kiingereza, na 1948 Oxford wakaitoa kamusi yake, ikaenea duniani. Simsifu kwa yote. Nambari zile zilichosha, wengi wakiziruka, nami mwanzoni nilikuwa mmoja wao. Matoleo ya baadaye yakaziacha.

Mwaka 1961 aliunda mfuko, akautilia sehemu kubwa ya mapato ya vitabu vyake, ili walimu wa Kiingereza wa nchi nyingine wapate kujiendeleza kwa masomo. Alifariki mwaka 1978.

Ile kamusi ya kuazima mwenyewe alinisamehe, ningali nayo. Jalada halipo tena, na kurasa za mwanzo zimeng'oka. 'Advice' imekwenda nazo.